Machozi ya Mtalaka

Siku waliyokutana, foleni ya ofisi ya vitambulisho ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikashuka ngazi na kupinda pembeni mwa jengo. Mama Pazia alikuwa kwenye foleni hiyo tangu saa moja asubuhi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, amevaa gauni la kijani lenye vifungo kutoka shingoni hadi chini ya magoti, na mkononi ameshika bahasha ya mahakama yenye hukumu ya talaka yake, ya karibu miaka mitatu nyuma. Alikuja kurudisha jina la baba yake kwenye kitambulisho, jina ambalo hakulitumia tangu aolewe.

Karani wa dirishani alikuwa binti mwenye sauti kali kama ya mtu anayeuza sokoni. Alimwuliza jina, akamwuliza kazi. Fundi wa mapazia. Kisha akauliza hali ya ndoa, na Mama Pazia akajibu kwa sauti ndogo ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia.

"Sijakusikia, mama. Umeolewa, hujaolewa, mjane, au umeachwa?"

Ukumbi mzima ukawa kama umenyamaza kusubiri jibu. Mama Pazia alihisi masikio yake yanawaka moto. Ndipo sauti nzito ikatokea nyuma yake.

"Ameachwa. Na mimi nimeachwa pia, dada. Tuandike wote wawili kabla wino haujaisha."

Watu wakacheka. Mama Pazia aligeuka na maneno makali tayari mdomoni, akakutana na mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, kalamu juu ya sikio, na mkononi bahasha ya mahakama kama ile yake. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesema vile kwa upole, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo ili waubebe wote. Yale maneno makali yakamwishia.

Nje kwenye ngazi alimwomba radhi. Alisema yeye ni fundi wa lifti, kwamba siku nzima huzungumza na mashine na ndiyo maana ulimi wake hauna adabu. Aliposikia kwamba Mama Pazia hushona mapazia, akasema hiyo ni bahati, maana madirisha ya nyumba yake yamefunikwa kwa mashuka tangu mkewe alipoondoka.

"Aliondoka na mapazia?"

"Na reli zake."

Mama Pazia alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mbavu zilimuuma.

Kazi ya madirisha manne ni kazi ya siku tatu. Yeye aliifanya kwa wiki tano. Kila pazia lilipokamilika, Fundi alipiga simu.

"Bibie, pindo la dirisha la jikoni naliona limepinda."

"Halijapinda. Umepinda wewe."

"Basi njoo uninyooshe."

Na alikwenda. Walikunywa chai kwenye meza ndogo iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, wakasimuliana. Fundi alimweleza kwamba kwa miaka kumi na saba mkewe alimwapia kuwa mwanamume wake wa zamani hana maana yoyote kwake, kisha Jumatano moja akafunga mizigo na kumrudia mwanamume huyohuyo. Mama Pazia naye alimweleza jinsi mumewe alivyoweka kikombe mezani asubuhi moja na kusema amechoka kuwa mume wake, kama mtu anayesema amechoka na kazi ya ofisi. Ndani ya mwaka alikuwa ameoa mwenzake wa kazini. Mama Pazia alitoka katika nyumba ile na mabegi mawili na cherehani, akapanga vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, akaanza kushona.

Polepole alijigundua upya. Aligundua kwamba hapendi chai yenye maziwa. Alikuwa akiinywa kwa sababu ya mtu mwingine. Alianza kulala katikati ya kitanda. Akanunua viatu vyekundu. Binti yake, aliyekuwa muuguzi na akimtembelea kila Jumapili, alimtazama siku moja akasema, "Mama, siku hizi unapaka wanja," akaishia hapo, lakini alitabasamu njia nzima mpaka kwake.

Mwezi wa nane, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya mkahawa, Fundi alivua kofia yake akaiweka gotini.

"Nina miaka hamsini na minne. Sina muda wa kuzunguka. Nataka nikuoe."

Mama Pazia alimwomba ampe hadi mwisho wa mwezi, azungumze na binti yake kwanza. Fundi alimwambia hana haraka. Usiku ule mama huyo alilala kama mtoto.

Siku tisa baadaye wifi yake alipiga simu. Wifi huyu alikuwa dada wa mumewe wa zamani, na talaka haikuwa imemtenganisha na Mama Pazia. Alisema kaka yake amefariki. Alikuwa mezani kwake ofisini, saa nne asubuhi, akainamisha kichwa juu ya mafaili, na watu wakadhani anasinzia. Moyo.

Mama Pazia alikuwa akikata kitambaa cha mteja. Aliweka simu chini, akaendelea kukata mstari ule mpaka mwisho, sawasawa bila kupinda, kisha akakaa sakafuni.

Siku ya mazishi hakujua avae nini. Nguo nyeusi ilikuwa ya mjane, na mjane alikuwa mtu mwingine. Nguo ya rangi ingeonekana kama furaha. Mwishowe alivaa gauni la kahawia na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyohiyo, akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa, kando ya watu wa ofisini kwa marehemu, ambao walimsogezea kiti bila kumjua. Binti yake alikaa mbele, pembeni ya mke mpya.

Wasifu ulisomwa. Ulisema marehemu alisoma wapi na aliajiriwa lini. Ulisema alijenga nyumba, na Mama Pazia akakumbuka ndoo za maji alizobeba kichwani, za kuchanganyia saruji ya nyumba ile, akiwa na mimba ya miezi sita. Kisha msomaji akasema marehemu ameacha mke na binti mmoja, na jina la mke lililotajwa likawa la yule wa ndoa ya miaka mitatu. Miaka ishirini na mbili ilipita kati ya sentensi mbili. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Watu walipopanga mstari kumpa mkono mfiwa, yeye pia alipanga, akampa mkono mwanamke aliyemchukulia mume, na akamwambia pole. Yeye mwenyewe hakuna aliyempa.

Hakulia pale. Alilia siku nne baadaye, akiwa dukani ananunua uzi. Baada ya hapo ikawa hakuna anayejua kilio kitamkuta wapi. Fundi mwanzoni alikuwa mwema sana. Alimletea matunda, akamwoshea vyombo, akakaa karibu naye. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita, na hakuna aliyetaja jibu. Wiki ya tano kidonda chake cha zamani kikaanza kumuuma.

Jumapili moja alasiri wifi alikuja na mfuko wa picha. Mke mpya alikuwa amesema hana pa kuziweka. Wanawake wawili wakakaa kwenye zulia wakizipanga. Katika moja yao alikuwepo marehemu, kijana mwembamba, suruali pana miguuni, ameshika baiskeli ya kuazima kana kwamba ni yake. Wifi akasema kitu kuhusu suruali ile, wakacheka, wakacheka tena, na katikati ya kicheko Mama Pazia akaangua kilio, kichwa kikiwa mapajani mwa wifi yake. Walipoinua macho, Fundi alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa.

Alisubiri mpaka wifi akaaga. Kisha akauliza, bila kukaa.

"Nikifa mimi, utanililia hivi?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka mno. "Sijui," alisema.

"Mtu huyu alikuacha. Ulitoka kwake na mabegi mawili."

"Najua alichonifanyia. Nilikuwepo."

"Basi unamlilia nini?"

Mama Pazia alitafuta jibu, akatafuta tena, asilipate. Fundi alichukua ukimya ule kuwa ndilo jibu. Aliweka machungwa mezani. Kwa sauti ya chini alisema kwamba alishaishi miaka kumi na saba na mwanamke mwenye mtu mwingine moyoni, na kwamba hana nguvu za kurudia. Akavaa kofia yake akashuka ngazi.

Siku ile jioni Mama Pazia alimpigia. Hakupokea. Kesho yake pia. Alipiga mara kumi na nne kwa wiki mbili, kisha akaacha, maana hata fedheha ina mpaka.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko ile ya talaka. Wakati wa talaka alikuwa na hasira, na hasira humwamsha mtu kitandani. Sasa hakuwa na kitu. Alikuwa amefiwa na mwanamume mmoja asiyestahili kumlilia, na ameachwa na mwingine ambaye hakuna hata ndugu mmoja aliyejua kwamba alimchumbia. Wanja ulikauka kwenye kichupa chake. Viatu vyekundu vilikaa chini ya kitanda.

Kilichomshika asianguke kilikuwa kazi. Hospitali ya binti yake ilihitaji mapazia sitini ya kutenganisha vitanda vya wodi, yote meupe, yote ya kipimo kimoja. Alishona pindo moja hadi jingine, siku baada ya siku, na cherehani ilipokuwa ikinguruma kichwa chake kilianza kutulia. Akiwa kwenye pazia la arobaini na kitu, alisimamisha gurudumu kwa mkono. Alikuwa amelipata jibu la lile swali.

Alipiga simu kampuni ya lifti, akajifanya mpangaji aliyekwama, akauliza fundi wao mrefu yuko jengo gani leo. Akaambiwa. Alivua aproni, akavaa gauni safi, akatoka.

Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na moja na lifti mbili. Moja ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Mbele ya nyingine watu walikuwa wamejipanga na mizigo yao. Mama Pazia alijijua. Akisimama katika foleni ile dakika kumi angegeuka na kurudi nyumbani. Akapanda ngazi kwa miguu, akipumzika kila ghorofa ya tatu kwa ajili ya goti lake bovu, mkono ukutani. Juu kabisa kulikuwa na mlango wa chuma ulioachwa wazi.

Chumba cha mashine kilinuka grisi na vumbi la moto. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mota, tochi mdomoni. Alikuwa amekonda, ovaroli ilimning'inia mabegani. Alipomwona aliitoa tochi mdomoni polepole.

"Umepanda kwa miguu?"

"Zote kumi na moja."

"Na lile goti lako?"

"Linakutukana tangu ghorofa ya nne."

Fundi alitaka kutabasamu, uso ukakataa. Mama Pazia hakumpa nafasi ya kusema zaidi, kwa sababu alijua akingoja ataanza kulia kabla hajamaliza.

"Uliniuliza namlilia nini. Mke wake mpya alimkuta ana mvi. Mimi nilimkuta hana hata kitanda. Na yeye alinikuta mimi nina miaka ishirini na tatu, nina nywele mpaka hapa, nataka kuwa mwalimu. Yule msichana, hakuna mtu mwingine aliyeishi naye. Wazazi wangu wamekufa. Sasa na yeye amekufa. Hakuna tena duniani anayekumbuka nilikuwaje. Ndicho ninachokililia. Sijaja kukuomba kitu. Nimekuja kwa sababu uliuliza, na nilikuwa sijakujibu."

Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Alisema aliziona simu zote kumi na nne. Kila ilipoita alikaa akiitazama, kwa kuogopa kwamba akipokea ataambiwa kwa sauti alichokwisha kukiamini. Alisema alikuwa mwoga, na kwamba hajui kama woga ule umeisha.

Mama Pazia aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia haidhuru, kwa kuwa ilidhuru.

Fundi aligeuza sanduku lake la vifaa, akatandika juu yake kitambaa kisafi, akamwelekeza akae. Yeye akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Nieleze," alisema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Itakuuma."

"Itaniuma. Nieleze hivyohivyo."

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Binti yake aliogopa, wifi alijua tayari, na wengine wote walitaka tu kusikia ubaya wake. Mama Pazia akaanza na jambo dogo.

"Alikuwa hawezi kulala bila redio," alisema. "Ilikuwa kero. Miaka ishirini na mbili nilimwomba aizime. Alipoondoka maishani mwangu, nikaja kwenye vyumba vyangu viwili, kukawa kimya kama nilivyotaka siku zote. Nikashindwa kulala. Ikabidi ninunue redio."

Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyaficha. Simu ya Fundi ikaita. Alikuwa msimamizi wa jengo, akiuliza kwa nini lifti bado haijatembea. Fundi alimjibu kwamba watu waendelee kupanda ile nyingine, kazi huku bado ni ndefu. Akaiweka simu sakafuni kifudifudi, akamgeukia.

"Alikuwa anasikiliza nini?" aliuliza.