Nepia Isiyo na Mizizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cheruto alikuwa na kazi moja isiyokuwa na mjadala: kumtafutia Rosi chakula. Rosi alikuwa ng'ombe wao wa pekee, na maziwa yake ndiyo yaliyoleta unga, sabuni na karo katika nyumba ile ndogo iliyokuwa mteremkoni, juu kidogo ya Elburgon. Zamani kazi hiyo ilikuwa rahisi. Siku hizi, lo! Jua lilikuwa limechoma kila kitu. Majani ya kando ya barabara yalikuwa yameliwa na mbuzi wa watu mpaka udongo ukabaki uchi, na mto ulikuwa mawe matupu.

Mwaka uliotangulia shida ilikuwa kinyume. Mvua ilishuka kwa hasira, ikazoa viazi pamoja na udongo wake. Ndipo majirani walipoungana, wakaomba ufadhili wa kuwasaidia wakulima kujikinga na ukame na mafuriko. Wafadhili walikubali kuwachimbia silanga, yaani bwawa la kukusanya maji ya mvua. Lakini walitaka kwanza kila shamba lililo juu yake lichimbwe matuta, na matuta yapandwe nepia, nyasi ndefu ya kulisha ng'ombe, ili mizizi ishike udongo. Mama Cheruto alichimba yake mwenyewe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nepia nayo ikashika vizuri.

Sasa haikuwapo tena. Rosi alikuwa ameila. Ukame ulipozidi na ng'ombe akashindwa kusimama bila kuinuliwa, mama alianza kuikata, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka vishina. Mwishowe Rosi akafunguliwa, akang'oa hata mizizi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwacha afe huku majani yapo pale?

Jioni moja Mzee Kang'ethe, mwenyekiti wa kikundi, alifika na habari kwamba afisa wa mradi angekuja kesho yake kukagua. Alitazama yale matuta makavu, akashusha pumzi.

"Mama Cheruto, shamba moja likikataliwa, tumekataliwa sote. Mimi sijaona kitu. Lakini kesho nataka nione kijani."

Alipoondoka, mama aliketi chini akashika kichwa. "Tumekwisha, mwanangu. Nitawaambia nini watu hawa?"

Alfajiri walikwenda kwenye kinamasi kilicho nyuma ya kiwanda cha mbao. Huko walipata ncha za nepia zilizoachwa na mtu aliyekuwa akikata ya kuuza. Zilikuwa majani matupu, bila vifundo vya kuotesha mizizi. Wakazichomeka kwenye matuta, wakazimwagia maji ya kunawa ili zisinyauke.

"Ukiulizwa, sema tulipanda wakati wa likizo," mama alisema bila kumtazama.

Afisa alikuwa mwanamke mrefu aliyeitwa Madam Akoth. Alisimama njiani na viatu vyake vya mpira, akatazama ule ukijani, akatabasamu.

"Hongera, Mama Cheruto! Hapa sina neno." Akawageukia majirani. "Basi tingatinga lianze kazi. Mvua inayokuja inasemekana itakuwa kubwa. Silanga itakaa pale."

Alielekeza kidole juu tu ya nyumba ya Shosho Wangare, bibi mzee wa jirani aliyeishi peke yake.

"Ngai mwema, Mungu asifiwe! Sitatembea tena kutafuta maji," Shosho alisema, akipiga makofi.

Cheruto aliikodolea macho ile nyumba. Mwaka uliopita maji yaliingia mle ndani na Shosho akatolewa kitandani kwa kubebwa. Matuta yangebomoka safari hii bila mizizi ya kuyashika, udongo wote ungejaa kwenye silanga, nayo ingepasuka, imshukie yule bibi.

"Mama," alinong'ona. Macho ya mama yalimwambia anyamaze. Hakuweza.

"Madam, hiyo nepia haina mizizi!" Alikimbia akavuta ncha moja, nayo ikatoka bila shida.

Kelele zikazuka. "Mtoto huyu ametumaliza!" Mzee Kang'ethe alifoka. Mama alipiga magoti palepale mavumbini.

"Woi, Madam, lawama ni yangu. Ng'ombe alikuwa anakufa, nikampa nyasi yote. Sina kingine cha kuonyesha."

Cheruto alitamani ardhi immeze. Kikundi kizima kilikuwa kimekosa silanga kwa mdomo wake.

"Litoe shamba hili, Madam, sisi wengine utusaidie," Mzee Kang'ethe alisihi.

"Nitalitoaje, Mzee, na liko juu ya silanga? Maji hayaulizi nani ni mwanachama." Madam Akoth alikuwa amekasirika kwelikweli. "Kwa nini hakuna aliyenipigia simu?"

"Tuliogopa kunyimwa," mama alijibu.

"Mnyimwe? Jameni, ufadhili huu ni wa nani, kama si wa watu walioharibiwa na jua? Tuna mbegu ya nepia na majani makavu ya mifugo kwa mashamba yaliyoathirika. Ningepita hapa nikidhani yote ni sawa, nanyi mngekosa vyote!"

Hakupitisha shamba siku hiyo, na tingatinga likarudishwa. Majirani walinuna, wengine wakapita kwa mama bila salamu. Lakini mbegu ilipoletwa walikuja wote na majembe, Mzee Kang'ethe akiwa mbele. Mvua za kwanza zilinyesha, nepia ikachipuka, na Rosi akaweza kusimama mwenyewe.

Madam Akoth aliporudi, aliinama akavuta nepia kwa mikono miwili. Ilikataa kung'oka. Akacheka.

"Sasa chimbeni," alisema. Kisha akamwita Cheruto mbele ya watu wote. "Mama yako hakukosea kumwokoa ng'ombe wake. Sote tulikosea tulipoogopana. Ukificha palipoharibika, hata aliyekuja kukusaidia atapapita. Wewe ulisema kweli ukijua watu watakuchukia, na ndiyo maana Shosho atalala salama."

Mama alimvuta binti yake kifuani akalia, na safari hii hakujali nani anamwona.