Tope la Vidoleni

Saa mbili asubuhi mhifadhi wa ndege alifuta viatu mlangoni mwa makumbusho. Mtaa anaoishi haukauki tope jeusi hata kiangazi. Kisha akafungua droo. Ndege waliokaushwa walikuwamo wote, wamelala chali, lakini lebo za miguuni hazikuwapo hata moja. Ndege asiye na lebo hana kwao, na kesho msafara ungepanda mlimani kutafuta wenzao walio hai, kama bado wapo.

Alianza na mlinzi.

"Dada, funguo ninazo, lakini lebo nizifanyie nini? Nizichemshe?"

Mtafiti mgeni alikutwa na mkasi mkobani. "Ni wangu," alisema kwa uchungu. "Ila bila lebo utafiti wangu umekufa. Nijichongee mwenyewe?"

Mhifadhi akarudi kwenye droo, akawasha taa. Hakukuta hata kipande cha uzi uliokatwa, wala mguu uliovunjika, na miguu ile mikavu huvunjika ukiivuta kidogo tu. Mtu alikaa akafungua fundo moja moja. Kati ya vidole kulikuwa na tope lililokauka, lile alilopanga kulipima; chini ya taa lilikuwa jeusi, na udongo wa mlimani, walikoandikwa kutoka, ni mwekundu. Alitamani asingeona.

Mwalimu wake, mzee aliyestaafu lakini haachi kuja, alikuwa kwenye chumba cha chai.

"Shikamoo, Mwalimu. Lebo ziko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Lebo zipi?"

"Ulizozifungua. Wewe ndiye uliyenifundisha tusikate uzi."

Mzee akaweka kikombe chini. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa kama baba kwake.

"Ujanani nilitumwa mlimani kukusanya ndege hawa, nikaogopa baridi. Niliwapata bwawani, nyuma ya ukweni kwangu. Kwenye lebo nikaandika 'mlimani', nikasifiwa. Wajenzi walipotaka kulifukia bwawa, waliniuliza kama lina ndege wa maana."

"Ukasemaje?"

"Halina. Na juzi uliposema utapima tope la vidoleni, nikaona heri lebo zipotee, uongo wangu upotee nazo."

"Bwawa lenyewe lilikuwa wapi?"

Mzee akatazama viatu vya mhifadhi.

"Unapolala wewe, mwanangu."

Mhifadhi akaenda kuileta droo. Kisha akachukua lebo mpya, akampa mzee kalamu.

"Andika."

Mzee aliandika 'bwawani' kwenye kila lebo, na mhifadhi akafunga mafundo alivyofundishwa. Akaenda kuwaambia watu wa msafara washushe mizigo.