Dakika ya Shangazi

"Usizime, kaka."

Maneno hayo yalisemwa mbele ya maduka ya vipuri, saa nne asubuhi, mahali ambapo magari yalibanana hadi watu wakawa wanapita ubavu ubavu. Aliyeyasema alikuwa mwanamke wa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, kitambaa cha njano kichwani, boksi la filta kwapani. Aliyeambiwa alikuwa mwanamume wa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingiza gari lake la dizeli kwenye nafasi ya mwisho iliyobaki. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Akauondoa pole pole, akauliza kuna nini.

"Umetoka barabara kuu, umekuja mbio. Nimekusikia tangu kwenye kona. Turbo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, bado ina moto. Ukizima sasa hivi oili inasimama na kuungulia mle ndani. Iache ingurume dakika moja, ipoe, halafu ndiyo uzime."

"Dakika moja tu?"

"Moja. Mbili kama una adabu."

Mwanamume akacheka. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya katika dakika hiyo, akamtazama. Aliona plasta kwenye kidole, akaona tabasamu la upande mmoja, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima macho ya watu, akaona pia jinsi mwanamke yule alivyoishika risiti mbali na uso hadi mkono ukaisha urefu, ndipo akaisoma. Akamwambia anahitaji miwani ya kusomea. Naye akajibiwa kwamba gari lake linahitaji filta ya hewa, maana linapumua kwa shida. Walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya simu ya mwenzake, na kila mmoja alijidanganya kwamba ni ya kazi tu.

Wiki hiyo hiyo gari likapelekwa gereji alikofanya kazi mwanamke yule, ambaye wote walimwita Fundi; ilikuwa ya mjomba wake, mtu mnene mwenye masihara, na ni Mjomba aliyelibatiza gari lile jina la Shangazi, kwa sababu halikuwahi kuja bila lalamiko. Fundi akalifungulia ukurasa katika daftari lake: tarehe, kilomita, oili gani, filta gani. Alimweleza mwenye gari, ambaye sasa kila mtu pale alimwita Daktari, kwamba dizeli za siku hizi zina maringo. Zinataka oili yake hasa, na kwa wakati wake. Zinataka filta ya dizeli imwagwe maji kabla hayajafika kwenye nozeli zinazopulizia mafuta. Na kitu zinachokichukia kuliko vyote ni safari fupi.

"Nyumbani kwako hadi kliniki ni dakika sita," alisema. "Injini haijapata hata joto, umeshaizima. Masizi yanajaa kwenye chujio la bomba la moshi, na hayaungui mpaka gari liende mbali, kwa mwendo mmoja, bila kusimama simama. Ukiona hii taa ya njano, dawa yake ni hiyo. Nenda mbali."

"Peke yangu? Shangazi anaona haya kusafiri na mwanamume asiye ndugu yake."

Chini ya lori la jirani, Mjomba akakohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa wowote.

Basi Jumapili zikawa za Shangazi. Fundi alivua ovaroli akavaa gauni la kijani lenye mikono mipana, Daktari akateremsha vioo, wakaifuata barabara hadi nyumba zikaisha na mashamba yakaanza. Hawakuwa na wanakokwenda. Waliongea, wakanyamaza, upepo ukaingia huku ukatokea kule, na saa moja ikapita kama usingizi wa mchana. Mahali fulani katika saa hiyo masizi yaliungua yakaisha, na taa ya njano ikazimika yenyewe. Wao walikuwa wameshaisahau.

Siku za kazi walikuwa na simu. Kila jioni Daktari alipofika nyumbani hakuzima gari. Alipiga.

"Fundi, nina dakika moja."

"Itumie vizuri, mpenzi."

Alimsimulia mgonjwa aliyedai kusoma herufi zote ukutani kumbe alikuwa amezikariri akiwa foleni, na mke wa mgonjwa huyo aliyemuumbua palepale. Dakika ikiisha husema, haya, nazima, na kukata. Kwa safari ya dakika sita turbo haikuhitaji kupozwa hata kidogo. Fundi alilijua hilo tangu jioni ya kwanza, na hakuthubutu kulisema.

Miwani nayo alipewa, yenye fremu ya kahawia iliyompendeza kweli. Aliivaa siku moja, Mjomba akamwita Profesa mpaka jioni, na kesho yake ikaingia kwenye droo ya spana ndogo. Huko ndiko ilikokuwa Jumanne moja, mchana, Fundi akiwa amelala chali chini ya gari la mteja, simu ilipolia. Aliiinua juu ya uso kwa vidole viwili visivyo na grisi. Ilikuwa picha kutoka kwa Daktari: dashibodi, na taa ya njano inawaka. Chini yake palikuwa na maandishi madogo madogo. Fundi aliyajua hata bila kuyasoma, Shangazi analalamika tena, nifanyeje. Akaandika kwa kidole gumba, "Nenda mbali. Usigeuze njiani." Jibu likarudi baada ya muda mrefu kidogo: "Sawa. Nimekuelewa."

Jioni hiyo Daktari hakupiga. Wala iliyofuata. Siku ya tatu Fundi alichukua filta ya hewa iwe kisingizio, akaenda hadi kliniki, na dada wa mapokezi akamwambia kwa upole kwamba Daktari amehamishiwa mji wa mbali, mwendo wa saa nane, ameondoka jana. Hakuwa na habari? Mbona Daktari alisema ameshamuaga? Fundi akatabasamu, akasema alikuwa na habari, amesahau tu. Alirudi gereji kwa miguu, filta yake kwapani, na siku hiyo Mjomba hakutania.

Alikuwa mwanamke mwenye moyo wa kufungua injini nzima na kuipanga mezani, lakini hakuwa na moyo wa kufungua tena ujumbe wa mtu yule. Alimpenda, na aliumia, na aliamua kuumia kimya kimya. Kule mji wa mbali Daktari naye aliegesha gari kila jioni, akaacha injini ingurume dakika nzima, simu mkononi, asimpigie mtu. Aliyemwambia aende mbali angempigia amwambie nini?

Miezi mitatu ikapita hivyo.

Mwisho wa mwezi wa tatu Fundi alikuwa anapitia daftari, kama kawaida yake, aone gari gani limekaribia kubadilishwa oili. Akafika ukurasa wa Shangazi. Angeweza kuufunua upite. Hakuufunua. Kuacha ukurasa bila kuujaza kulimsumbua kuliko kuachwa yeye, ndivyo alivyojiambia, na akakumbuka kwamba katika picha ile ya mwisho ya dashibodi kilomita zilionekana. Akaifungua. Tarakimu zilikuwa ndogo mno. Akavuta droo, akatoa miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa cha kichwani, akaivaa.

Kilomita alizisoma. Kisha macho yakateremka yenyewe.

"Shangazi analalamika tena. Lakini kuna jambo kubwa zaidi, Fundi wangu. Wamenipa kliniki ya mji wa mbali na wanataka jibu leo hii. Mimi sitaki kuwa mahali ambapo wewe hupo. Niende au nibaki? Ukisema nibaki, nabaki."

Na chini yake, jibu lake mwenyewe: nenda mbali, usigeuze njiani. Fundi akakaa juu ya tairi. Alilisoma mara ya pili, na mara ya tatu, akitafuta mahali ambapo maneno yangesema kitu kingine. Akapiga simu.

"Sikusoma," alisema aliposikia pumzi upande wa pili.

"Hukusoma nini?"

"Maneno. Niliona taa tu. Nilikujibu kuhusu taa."

Fundi akatazama kama simu imekatika.

"Miwani ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo."

"Ya spana?"

"Ndogo ndogo."

Akasikia sauti asiyoweza kujua ni kicheko au kilio, na kwa kweli ilikuwa vyote viwili. Daktari alisema kwamba amekuwa mpumbavu, mtu wa kupima macho ya watu anatuma maandishi kama chawa kwa mwanamke anayemjua hasomi karibu. Fundi alisema mpumbavu ni yeye. Walibishania hilo kwa muda, kwa furaha, kisha Fundi akamuuliza kama Shangazi amebadilishwa oili.

"Hajaguswa na mtu. Sikuweza kumpeleka kwa mwingine."

"Mlete. Na jibu langu, kama bado linahitajika, ni ubaki."

"Nimeshasaini mwaka mzima, kipenzi."

"Mlete tu."

Jumamosi mchana Fundi alimsikia Shangazi tangu kwenye kona. Aliweka spana chini. Gari liliingia uani likiwa jeupe kwa jina tu, vumbi la saa nane limelikalia, na nyuma ya kioo palikuwa na shati lililokunjamana na uso uliokonda kidogo. Daktari hakuzima. Fundi akafungua mlango wa abiria, akaketi, miwani usoni, ovaroli na grisi na vyote.

"Nina dakika moja," Daktari alisema.

"Itumie vizuri."

"Nimebakiza miezi tisa kule. Nina vyumba viwili na kibaraza. Kuna gereji mbili, na zote wanazima gari papo hapo. Nataka kukuoa, Fundi. Ukisema huwezi kuja, nitavunja mkataba nirudi hapa hapa. Hii sikuandika, nimekuja kuisema ili usije ukasoma nusu."

Fundi alitazama mbele, ambako Mjomba alikuwa anafuta spana moja ile ile kwa bidii ya ajabu. Alimtazama Daktari, kwa karibu, na kwa mara ya kwanza akaiona mistari midogo pembeni ya macho yake, yote, waziwazi. Alisikiliza injini. Ilikuwa imepoa, inanguruma taratibu, haina lalamiko lolote.

"Gereji mbili zenye tabia hiyo zinahitaji mtu wa kuzifundisha," alisema. "Nitakwenda na wewe. Na daftari nalibeba."

Daktari akafumba macho. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo, unangoja.

"Sasa zima," Fundi akamwambia. "Umefika."