Kemilembe na Mraba Wenye Maji

Kemilembe ana miaka sita. Anaishi na mama yake na dada yake Byera, karibu na msitu wenye maji.

Maji yamesimama kati ya miti. Ukikanyaga, mguu unazama.

Kazi ya Mama ni kuhesabu mimea ya msitu huo. Yote anaiandika kwenye daftari.

Siku moja shule ilifungwa. Mama akawachukua watoto wake wawili hadi msituni.

Chubwi, chubwi, twende polepole.
Hapa kuna nini? Tuangalie.

Mama alikuwa na miraba miwili ya vijiti. Akampa kila mtoto mmoja.

"Uweke popote," alisema. "Kisha uhesabu aina za mimea iliyo ndani."

Byera aliweka mraba wake juu ya kilima kidogo, penye mizizi ya mti mkubwa.

"Moja, mbili, tatu... Mama! Aina saba!"

Kemilembe aliweka wake kwenye dimbwi, kando ya mti ulioanguka. Mraba ukaelea.

Ndani mlikuwa na jani la duara, limelala juu ya maji. Basi.

"Moja," alisema Kemilembe. Akahesabu tena. Moja.

Machozi yakamlengalenga.

Byera akaenda kunywa maji. Kemilembe akatazama huku. Akatazama kule.

Chomo! Akang'oa mmea wa Byera.
Chomo! Wa pili.
Chomo! Wa tatu.

Akaichomeka yote kwenye dimbwi lake.

Lakini mimea haikusimama. Ililala majini, mizizi juu.

Byera akarudi. "Mimea yangu! Nani kaing'oa?"

Moyo wa Kemilembe ukadunda. Du, du, du.

"Mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, mimi nina mmoja tu."

Mama akachuchumaa karibu naye.

"Mwanangu, nikiandika uongo, sitaujua msitu huu. Nisipoujua, nitautunzaje?"

Wakaipanda upya mimea miwili. Wa tatu ulikuwa umevunjika. Kemilembe akaushika kiganjani.

"Mama, kwa nini ililala majini?"

"Haikuwa na udongo wa kushika. Tena mizizi yake inataka hewa. Haiwezi kuishi dimbwini."

"Na jani langu?"

"Hilo ni la yungiyungi. Hebu litafuteni kule kwa Byera."

Chubwi, chubwi, twende polepole.
Hapa kuna nini? Tuangalie.

Wakatafuta penye mizizi. Wakatafuta kivulini. Yungiyungi halikuwepo.

"Hapa ni pakavu," alisema Byera.

"Tena kuna giza," alisema Kemilembe. Akatazama juu ya dimbwi lake. Pale mti ulipoanguka, jua lilikuwa linaingia.

"Linapenda maji," alisema. "Na jua."

"Ndiyo," alisema Mama.

Byera akawaza. "Kama msitu wote ungekuwa dimbwi, mimea yangu isingekuwepo."

"Na kama wote ungekuwa kilima," alisema Kemilembe, "jani langu lisingekuwepo."

Mama akafungua daftari. "Kwa Byera zilikuwa aina saba. Kwa Kemilembe niandike ngapi?"

Kemilembe akafuta machozi.

"Moja, Mama. Andika moja."

Mama akaandika. Akajumlisha. "Kwa pamoja, nane."

Wakaweka miraba sehemu nyingine. Penye tope. Penye kivuli. Chini ya mti wa miiba.

Chubwi, chubwi, twende polepole.
Hapa kuna nini? Tuangalie.

Kila mahali palikuwa na mimea yake. Safari hii Kemilembe hakujali nani ana mingi.

Jioni walikula ndizi na maharage. Wakaoga, matope yote yakatoka. Wakapanda kitandani.

"Dada Byera," Kemilembe alinong'ona. "Bado umekasirika?"

"Kidogo."

"Na kesho?"

Byera akapiga miayo.

"Kesho, hapana," alisema. Akamvutia mdogo wake shuka, akamfunika mpaka mabegani.