Kumkataa Koko

Kwanza ilisikika fimbo. Tok, tok, tok, juu ya sakafu, na mkokoto mdogo kila baada ya hatua. Loishiye aliijua kabla mlango haujafunguka, na shingo yake ikaanza kulegea.

“Nyooka!” muuguzi Tumwesige alimwambia kupitia spika ya ukutani. “Hajaingia bado, wewe umeshainama.”

Aliyeingia hakuwa Koko, bibi yake. Ilikuwa mashine. Katika Arusha ya miaka hiyo, mtu aliyepandikizwa seli shina, zile mbegu za damu, hakuruhusiwa kurudi nyumbani kabla hajapita katika Nyumba ya Mwigo: chumba kilichojengwa kwa mfano wa sebule yake, chenye roboti zilizofundishwa sura, sauti na tabia za ndugu zake kutokana na video za familia. Waliziita waigaji. Dawa kali zilikuwa zimeuteketeza uboho wa mifupa ya Loishiye, unaotengeneza damu, pamoja na saratani yake, na seli za dada yake zikaotesha mwingine. Damu hiyo mpya ilikuwa safi lakini haikujua lolote. Hata chanjo za utotoni ilikuwa imezisahau. Mafua ya mtoto mdogo yangeweza kumuua. Ndiyo maana waigaji walimjaribu: huyu analeta maziwa mabichi, yule ananyoosha mkono, na mgonjwa lazima akatae.

Loishiye, fundi wa vyombo vya angani, kijana asiyempisha mtu njia, alikataa vyote bila kutoka jasho. Kilichomshinda ni kimoja. Koko huwabariki wajukuu kwa kuwatemea mate kichwani, na mjukuu akimwona tu, kichwa huinama chenyewe. Mara mbili aliinama. Mara mbili taa nyekundu ikawaka, na safari ya nyumbani ikaahirishwa.

“Unabishana na madaktari wote hapa,” Tumwesige alikuwa amemtania, “halafu unaenda kumnyenyekea roboti!”

“Simnyenyekei roboti, dada. Ni hii shingo. Imelelewa vizuri kuliko mimi.”

Sasa mwigaji alisimama mbele yake, shuka begani, shanga masikioni.

“Mjukuu wangu,” ilisema sauti ile ile ya kukwaruza. “Njoo nikubariki.”

Shingo ilimvuta. Loishiye alikaza meno, akarudi nyuma hatua moja.

“Hapana, Koko.”

Mashine ilifungua mdomo, ikabaki hivyo. Katika video zote za familia, hakuna hata moja iliyoonyesha mtu akimkataa Koko.

Taa ya kijani ikawaka. Tumwesige alipiga vigelegele. Loishiye akakaa chini, akafunika uso. Alikuwa ameshinda, na alijiona kama mtu aliyempiga bibi yake kofi.

Mchana Koko mwenyewe alikuja kumchukua. Loishiye alitoka na barakoa usoni na begi mkononi, Tumwesige nyuma yake, lakini kabla hajamkaribia, fimbo iliinuliwa.

“Simama hapo hapo! Usinisogelee.”

“Shikamoo, Koko.”

“Marahaba. Hebu nikuone. Umekonda kama waya! Wamenieleza kila kitu. Wanasema sasa una damu ya mtoto mchanga.”

“Ndiyo, Koko. Na ile baraka... wamenifundisha kuikataa.”

“Nani kakwambia nimekuja kukutemea mate?” Koko alicheka mpaka shanga zikatikisika. “Mtoto mchanga si anafungiwa ndani? Shangazi zako nimewazuia getini, wananuna huko. Maziwa yanachemshwa mpaka yanaomba msamaha. Mtoto wetu mchanga mwaka huu ana ndevu, basi!”

Loishiye alicheka ndani ya barakoa, na ule uzito wa asubuhi ukamtoka. Koko hakucheka tena.

“Ila kiburi chako nakijua. Wiki ya kwanza utasema umepona. Ya pili nitasikia uko sokoni unabishana mpira na wenzako. Sikumzaa baba yako ili nikuzike wewe. Niahidi hapa, huyu muuguzi akisikia.”

Madaktari walikuwa wameitafuta ahadi hiyo kwake tangu siku ya kwanza, wasiipate.

Loishiye aliweka begi chini.

“Sitavuka kizingiti, Koko,” alisema, na koridoni kote wakamsikia, “mpaka uniite nje wewe mwenyewe.”