Njia Isiyokuwa Kwenye Ramani

Kila siku saa sita mchana Bi Hilda Brocklesby alifunika sahani ya viazi na nyama, akavaa viatu vya mpira, akakatiza shamba la kabichi kwenda kwa dada yake. Dada huyo, Doreen, alikuwa amepooza upande mmoja. Asipolishwa, hali. Njia ya shambani ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Nayajua haya kwa kuwa nyumba yangu na ya Hilda hapa Skelby, kijiji cha kaunti ya Lincolnshire, Uingereza, zina ukuta mmoja.

Mzee Pell, mwenye shamba, alipokufa, bwana mmoja aitwaye Garfitt akalinunua. Wiki ya pili akafunga lango kwa mnyororo. Barabara ya lami inazunguka maili tatu, haina pa kupita mwenda kwa miguu, na malori ya kabichi hayamsubiri mtu. Basi lipo Jumanne na Ijumaa. Sasa mgonjwa ale Jumanne na Ijumaa tu? Hilda akawa anatembea kando ya mtaro, sahani mkononi, matope mpaka magotini. Nilikasirika, sifichi.

Tukaenda baraza la kijiji. Wakasema wao wana makaburi na taa mbili za barabarani, basi. Tukaenda wilayani. Wakasema kazi yao ni takataka na vibali vya ujenzi. Miezi mitatu ikapotea kwa ujinga wetu, maana njia za miguu ziko chini ya kaunti, na sisi tuliozaliwa humu humu Lincolnshire hatukulijua hilo.

Hatimaye kaunti ikamtuma Rosalind Toyne. Akatandaza ramani juu ya meza ya Hilda.

"Njia za umma za kaunti zimechorwa humu," akasema. "Yenu haimo."

Akatueleza sababu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kila kijiji kilitakiwa kuorodhesha njia zake. Mwenyekiti wa Skelby wakati huo alikuwa baba yake Mzee Pell, na njia ya shambani kwake akairuka. Orodha ikabandikwa mlangoni pa kanisa, watu wakaisoma, wakanyamaza. Waliona hakuna haja ya kuandika kitu ambacho hata bata wanakijua. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

"Lakini bado mna haki," Rosalind akasema. "Watu wakipita miaka ishirini mfululizo, waziwazi, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa, njia huwa ya umma. Nipeni mashahidi. Kila mmoja ajaze fomu yake."

Mashahidi wenyewe wako wapi? Shule ilipokuwa wazi tulikuwa mia tatu. Sasa tuko themanini, na nusu yao huja kulala Jumamosi tu. Tuliowapata waliopita pale miaka ishirini walikuwa sita. Wa kwanza Hilda, aliyepita miaka arobaini.

Rosalind akasoma fomu yake, akaweka kalamu chini. Hilda alikuwa ameandika kwamba kila Krismasi alimpelekea Mzee Pell mkate wa zabibu na kumwomba apite mwaka mwingine. Naye alikuwa akimwambia, pita tu, mama.

"Uliomba ruhusa, Bi Hilda?"

"Shamba la mtu hupiti bila kuomba. Ndivyo nilivyolelewa."

"Basi ulikuwa mgeni wake. Miaka yako yote arobaini haihesabiki."

Nilimkanyaga Hilda mguu chini ya meza. Nikamnong'oneza aandike fomu nyingine, mkate asiutaje. Akaniangalia kama niliyemtemea mate.

"Sijawahi kuandika uongo," akasema. "Sitaanzia kwenye kabichi."

Aliyetuokoa ni Len Sharpe, mwizi wa sungura, ambaye tukimwona huvuka barabara tusikutane naye. Miaka thelathini alipita pale mchana kweupe na mbwa wake, hasalimii mtu. Fomu yake ilikuwa na mistari mitatu. Nimepita. Sikumwomba mtu. Hakuna aliyenizuia. Rosalind akasema hakuna ushahidi unaoishinda hiyo. Watu husema wema hauozi. Wa Hilda ulioza mbele ya macho yangu.

Garfitt alipinga, na kesi ikachukua miaka miwili. Majira ya baridi ya kwanza barabara iliganda, Hilda akashindwa kufika. Doreen akahamishiwa nyumba ya wazee mjini, akawa analishwa na watu asiowajua. Mwezi wa tatu akafa.

Mnyororo ulikatwa Mei ya mwaka uliofuata. Njia sasa imo kwenye ramani, na hakuna atakayeifunga tena. Tulikwenda tukakagua njia zetu nyingine, tukakuta mbili hazimo, tukazijazia fomu upesi. Nawe kaangalie za kwenu mashahidi wangali hai.

Siku lango lilipofunguliwa Hilda alibeba maua ya kaburi la dada yake. Garfitt alikuwa amesimama pale. Akavua kofia, akamshikia lango.

"Pita tu, Bi Brocklesby."

Huyu ni mwanamke anayemshukuru hata dereva wa basi lililochelewa saa nzima. Nilingoja niisikie asante yake. Alipita, hakusema neno.