Kisigino Nje ya Sandali

Mwizi aliacha kitunga kizima cha simu akachukua moja. Tena si ile nzuri.

Inspekta Adolphine M'Bisimwa aliinama juu ya kitunga hicho, ndani ya depo, chumba cha stoo kilicho nyuma ya ukumbi wa chuo, akatikisa kichwa. Simu za maana zilikuwa zimelala pale, vioo vinang'aa, hakuna aliyezigusa. Iliyokosekana ilikuwa na kioo kilichopasuka, imefungwa kwa mpira isimwagike. Adolphine alizaliwa mtaa wa Cimpunda na wezi anawajua tangu utoto. Mwizi mwenye akili zake angebeba simu zote na kitunga chenyewe.

"Huyu hakutaka telefone," alimwambia Gracien, polisi wa ushahidi aliyekuja naye. "Alitaka kitu yenye iko ndani."

"Kitu gani, Mama Inspekta?"

"Ndiyo tutamuuliza mwenyewe."

Mwenye simu aliitwa Fabiola, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Alikuwa amekaa kwenye rundo la viti vibovu, macho mekundu, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Mu telefone mulikuwa nini?"

"Sauti ya Chef Jean-Claude."

Chef Jean-Claude alikuwa msaidizi wa profesa, mtu wa kusahihisha kazi za wanafunzi na kutoa pointi. Fabiola alimrekodi akimwambia pointi zake zinamngoja katika chumba cha hoteli fulani, aje peke yake, avae vizuri. Eti avae vizuri! Adolphine alisikia damu ikimpanda.

"Na leo?"

"Leo saa tisa komisio ya nidhamu inatuita, miye na yeye. Ameisha kusema miye ni mwongo, namuchafulia jina. Kama sina ile sauti, ni miye banafukuza. Mama Inspekta, miaka yote hii! Papa aliuza ngombe bote."

"Ulituma hiyo odio kwa mutu?"

"Hapana. Niliogopa itatembea mu WhatsApp mpaka kwetu Luhwindja."

"Nani alijua uko nayo?"

"Hakuna mutu."

"Hata rafiki?"

"Hata maman yangu. Nilifuata tu njia."

Adolphine aliliacha neno hilo lipite. Saa sita ilikuwa imeshapita na tume hiyo haingojei mtu.

Siku hiyo ilikuwa ya mafunzo ya lazima ya kuzuia ukatili wa kingono. Lazima kweli, kwani asiyehudhuria haoni mlango wa mtihani. Mkufunzi, Maman Colette, ana sheria yake: simu zote zinazimwa, zinaingia kwenye kitunga, kitunga kinafungiwa depo. Mlango wa depo ulikutwa umefungwa vilevile. Lakini dirisha lake la uani halikuwa na kioo, na uani, baada ya mvua ya alfajiri, kulikuwa na tope la kushika mtu.

Chini ya dirisha Gracien aliona alama ya kiatu, moja, safi. Alimwaga plasta, akangoja ikauke, akainyanyua kwa mikono miwili.

"Sandali ya mwanamuke," alisema, furaha imemjaa. "Ndogo. Na angalia hapa mbele, fundi alitia kiraka ya mupira wa gari. Meno ya tairi yanaonekana!"

"Na hii nyuma yake?"

Nyuma ya alama ya sandali tope lilikuwa limebonyea kidogo, mviringo, kama limekandamizwa na kitu laini.

"Labda jiwe."

"Jiwe iliondoka na miguu yake? Piga picha."

Wanafunzi wote walikuwa bado ukumbini na geti limefungwa. Adolphine alipita safu kwa safu akiamuru, "Inua mguu. Inua. Wewe, inua!" Vijana wakacheka, wakakemewa, wakaacha kucheka. Katika safu ya tatu msichana mmoja aliinua mguu kidogo tu, akaurudisha chini haraka. Adolphine alishaona. Meno ya tairi.

Msichana aliitwa Gisèle. Walimpeleka depo akitetemeka.

"Hii sandali ni yako?"

"Ndiyo."

"Ulipita mu dirisha?"

"Hapana! Yesu Maria, hapana!"

"Sandali yako ilifika pale. Ilitembea peke yake?"

"Mama Inspekta, kiatu ni yangu lakini muguu haikuwa yangu!"

Gracien alicheka. Adolphine hakucheka.

"Rudia."

"Asubui miye nilikuwa muguu wazi. Basichana bote. Ni zoezi ya Maman Colette! Baliweka viatu vyetu mu lundo moja, kila kijana mwanaume anakamata ya kwake, anavaa, anatoka inje, halafu anaingia anapita katikati yetu. Sisi ndio tunawapigia miluzi. Tunawaambia yote balikuwaka banatuambia mu barabara, ‘Eh mutoto muzuri, njoo hapa, unajiona nani?’ Ili basikie venye sisi tunasikiaka."

Maman Colette alikuwa mlangoni. Alijipiga paji la uso.

"Wapi! Sikufikiria hata! Vijana walingoja uani, kule upande wa depo, shaghalabaghala, kila mtu anahangaika na viatu vya kumbana."

Adolphine alinyanyua ile picha. Basi! Alama ile ya mviringo ilikuwa kisigino. Kisigino kitupu, kikubwa, kilichokosa nafasi kwenye sandali ndogo kikaning'inia nje, kikakanyaga tope. Walikuwa wakimtafuta mwanamke, kumbe mwanamume!

"Nani alivaa sandali yako?"

"Sikuona. Balikuwa bengi, na kicheko ilikuwa mingi." Gisèle aliinamisha kichwa. Bado alikuwa akitetemeka, na Adolphine alishangaa kidogo, kwa sababu hofu ya wizi ilipaswa kuwa imemwisha. "Mama Inspekta, tunajua Fabiola na Chef banaitwa mu komisio... kama unapata telefone yake, batu bote bataona majina yenye iko ndani?"

"Kuna majina ndani?"

"Sijue. Nauliza tu."

Adolphine alimtazama vizuri, akamwachia aende. Kisha akamgeukia Maman Colette.

"Zoezi yako inarudiwa. Sasa hivi."

Ukumbi ulilipuka. Wasichana walivua viatu na kuvitupa katikati kwa shangwe, na waliosahau miluzi yao asubuhi sasa walikuwa wakiipasha. Vijana walisimama upande wa pili, wengine wakiona haya, wengine wakijifanya hawaoni.

"Sikilizeni!" Adolphine alipaza sauti. "Kila kijana akamate viatu alivaa asubui. Vile vile, si vingine. Haya!"

Wakavamia lundo. Mmoja aliingiza dole gumba kwenye kiatu cha kisigino kirefu akayumba, wasichana wakapiga kelele. Lundo likapungua, likapungua, Gracien akahesabu kwa macho. Mwishoni alibaki kijana mmoja mnene, miguu mitupu, anaangaza huku na huku. Na sakafuni ilibaki jozi moja ya sandali zenye kiraka cha tairi.

"Weye jina lako?"

"Guylain, Mama."

"Sandali yako ile pale. Vaa."

"Ile? Hapana! Miye nilivaa ballerines nyeusi ya Déborah. Zilinikaba mpaka kidole ikavimba, angalia!" Akainua mguu, na kidole kilikuwa kimevimba kweli. Kisha akaona alichokuwa akikitafuta, akanyoosha mkono. "Eh! Ni CP ndiye alizikamata! CP, juu ya nini unanikamatia viatu?"

Ukumbi wote uligeuka.

CP ni chef de promotion, mwanafunzi anayewasimamia wenzake darasani. Huyu aliitwa Hugues. Shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, kijana anayesalimiwa na wakubwa kwa jina. Alikuwa amesimama na ballerines za Déborah mkononi.

"Nilichanganya," alisema.

"Hakuna tabu," Adolphine alijibu kwa upole uliomtisha hata Gracien. "Rudisha ya Guylain, vaa ile yenye inabaki."

Hugues alivaa. Kisigino kilitoka nje, chote, na katika nyufa zake tope la uani lilikuwa bado lipo, limekauka. Asubuhi alikuwa akizunguka huku na kule kupanga foleni. Nani angemuuliza CP anakwenda wapi?

Hakuna aliyepiga mluzi tena.

Deponi, Hugues aliketi palepale alipokuwa ameketi Fabiola. Adolphine alibaki amesimama.

"Telefone iko wapi?"

"Telefone gani? Nilipita tu karibu na dirisha. Ile odio yake hata sikujua iko."

"Nani alikuambia kulikuwa odio?"

Adolphine alifungua mlango, akamwita Fabiola.

"Mutoto wangu, uliniambia hakuna mutu alijua. Ukasema ulifuata njia. Njia gani?"

"Njia ya kila siku, Mama Inspekta. Mwanafunzi hawezi ruka. Kama uko na shida unapita kwanza kwa CP, CP anapeleka kwa bakubwa."

"Basi CP alisikia sauti."

"Ndiyo, nilimusikilizisha yote."

"Na uliniambia hakuna mutu!"

Fabiola alimkodolea macho, hajaelewa kosa lake liko wapi. "Lakini huyu si mutu, Mama Inspekta. Ni CP!"

Lo! Adolphine alitaka kucheka, akataka kulia, akakosa la kushika. Kila mwanafunzi wa chuo kile angejibu hivyohivyo. Kupita kwa CP si kusema siri, ni kugonga mlango. Naye alikuwa amelisikia neno hilo tangu mwanzo, akaliacha lipite.

Hugues aliweka uso viganjani.

"Iko juu, mu plafon ya vyoo," alisema. "Chumba ya mwisho. Niliificha wakati wa mapumziko."

Gracien hakungoja amri. Walisikia viatu vyake vikipiga sakafu, kisha mlango wa choo, kisha ubao wa dari ukianguka. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Alirudi na vumbi kichwani, simu mkononi, mpira wake bado upo. Wakabonyeza. Giza. Wakabonyeza tena.

"Betri imekufa," Fabiola alinong'ona.

"Na courant ya kuichaji hakuna," Gracien aliongeza. Maman Colette alikuwa ameshamimina mkoba wake wote mezani, kanga, biskuti, rozari, na mwisho, asante Bikira, power bank. Wakachomeka. Wakainamia simu mpaka kioo kilichopasuka kikawaka.

"Haikufutwa?" Adolphine aliuliza.

"Sikuweza kuifungua," Hugues alisema. "Sikujua code."

"Juu ya nini, Hugues?"

"Chef alisema nikimaliza masomo atanibakisha hapa, niwe assistant."

"Hiyo peke yake haikuingize mu dirisha."

Maneno yakamtoka kijana kwa haraka, kana kwamba yalikuwa yakimchoma.

"Mule ndani kuna jina yangu. Chef anamwambia, ‘Hugues si alikuambia uje?’ Ni miye nilimuambia. Ni miye alikuwa anatuma kwa basichana. ‘Mwambie fulani namuomba ofisini.’ Nilijua ni ofisi gani. Nilijua, Mama Inspekta, na nilikuwa napeleka tu, najisemea ni ujumbe, miye si kitu."

Fabiola alisogea mbele. Hakupaza sauti, na afadhali angeipaza.

"Nilisikia jina yako. Nilifikiri amekudanganya. Nilikuja kwako kwanza ili nikuambie ujilinde."

Hugues alianza kulia, kwa sauti, bila aibu. "Haukuwa peke yako. Kulikuwa na—"

"Funga kinywa!" Adolphine alipiga meza. "Utasema yako na utasema ya Chef, mbele ya tume na mbele ya jaji. Majina ya hao basichana si yako ya kutaja. Umeisha kuwabeba vya kutosha."

Wakatoka wakikimbia, Gracien akiwa amemshika Hugues mkono, Fabiola mbele na simu kifuani, waya wa power bank unaning'inia. Wakapanda ngazi za jengo la wakubwa. Mlango wa tume ulikuwa wazi. Chef Jean-Claude alikuwa ameshaketi, mguu juu ya mguu, anazungumza na jirani yake. Alimwona Hugues kati ya polisi, na mguu ukashuka wenyewe.

Fabiola alikuwa anavuka kizingiti aliposikia hatua nyuma yake. Ni Gisèle, anahema, uso umelowa. Walitazamana. Fabiola alisogea pembeni kidogo, mwenzake akapita naye.

Mwenyekiti wa tume aliwatazama juu ya miwani.

"Tuliita mlalamikaji mmoja."

"Alikuwa mumoja asubui," Gisèle alijibu, akavuta kiti, akakaa.